Kinywa cha Mtoto Asiyeweza Kusema

Mwezi huu tunazungumzia jambo tunalolikuta mara nyingi tunapotembelea wagonjwa majumbani katika wilaya za Ngara na Biharamulo, nalo ni meno ya watoto wenye ulemavu. Mtoto ameogeshwa, amepakwa mafuta, nguo zake ni safi. Lakini ukifungua kinywa chake unakuta fizi zimevimba na zinatoa damu, na magego yameoza. Mama huyo si mvivu. Amebeba mzigo mkubwa, na kliniki zote alizopita hakuna aliyemwuliza habari za meno.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hukaza taya, na ulimi wake hausukumi chakula vizuri. Uji hubaki shavuni muda mrefu, na mara nyingi una sukari. Dawa za maji anazokunywa nazo zina sukari. Jino likianza kuuma hawezi kusema, "Mama, jino!" Hulia usiku, hujipiga shavu, huuma mkono wake, hukataa chakula. Nyumbani watasema ana kisirani, na majirani watasema amerogwa. Katika kijiji kimoja cha Biharamulo tulimkuta binti ambaye kwa wiki mbili alikuwa anakunywa maji tu. Alikuwa ameombewa, na pia amepelekwa kwa mganga. Tulipommulika kwa tochi tuliona gego limetoboka na jipu limeota pembeni. Jino liling'olewa hospitalini, na siku ya tatu alikula ndizi zilizopondwa. Kuombea mgonjwa ni kwema sana, akina mama, lakini tochi nayo iwepo.

Namna ya kumsafisha ni hii. Usimlaze chali, kwa maana mate na maji yanaweza kuingia mapafuni. Mkalishe wima, wewe ukae nyuma yake, kichwa chake kikiegemea kifua chako. Kama hukaza meno, zungushia kitambaa safi kwenye mpini wa mwiko mdogo, uweke taratibu kati ya magego ya upande mmoja huku ukisugua upande mwingine. Usiingize kidole chako katikati ya meno, maana atakuuma bila kukusudia. Tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele tu kama hawezi kutema. Fanya hivyo mara mbili kwa siku. Usiku ndio muhimu zaidi, na baada ya hapo asipewe tena uji wala kitu kitamu. Siku za kwanza atapiga kelele. Anza na meno ya mbele, umwimbie, uendelee kidogo kidogo mpaka azoee.

Sasa tuje kwa wenye kifafa. Dawa iitwayo fenitoini ni nzuri kwa kuzuia kifafa, lakini kwa karibu nusu ya wanaoitumia fizi huanza kukua, na wakati mwingine hufunika meno kabisa. Wazazi huogopa na kuitupa dawa. Tafadhali msifanye hivyo! Dawa ya kifafa ikiachwa ghafla, mtoto anaweza kupata kifafa mfululizo bila kuzinduka, na hicho huua. Fizi hukua zaidi pale penye ukoga mwingi, kwa hiyo kusafisha meno vizuri hupunguza tatizo. Kisha nenda kwa daktari ukamwonyeshe. Yeye ndiye ataamua kama dawa ibadilishwe, na ataibadilisha pole pole.

Kabla jino halijang'olewa, mwambie tabibu wa meno kila kitu hata kama hakuuliza. Mweleze kama mtoto ana selimundu, kama ana ugonjwa wa moyo (wengi wenye ulemavu wa Dauni wanao), na kama akijikata damu haikomi upesi au kuna mjomba aliyewahi kutokwa damu nyingi mno. Ugonjwa wa damu kutoganda ni wa nadra, lakini kwa mwenye nao, kung'oa jino moja bila maandalizi kunaweza kuleta msiba. Chukua kadi ya kliniki na chupa zote za dawa, uziweke katika mfuko mmoja.

Kuna ugonjwa mwingine ambao wengi huudhania ni jino. Mwaka 1957 daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, mtu mcha Mungu, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Mwaka 1958 aliandika habari za saratani hiyo, na mwaka 1961 yeye na madaktari wawili wamisionari walisafiri kwa gari karibu kilometa 16,000 wakiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi inaonekana. Hupatikana zaidi sehemu zenye malaria nyingi, na huwapata hasa watoto wa miaka 4 hadi 9. Dalili zake ni taya kuvimba upesi, na meno kulegea ingawa hayajaoza. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Meno hayo yasing'olewe kijijini, na mtoto asichanjwe chale. Saratani hii hutibiwa kwa dawa za kupitia mshipani, na watoto wengi wanaofika mapema hupona. Wa Ngara aende Murgwanza, wa Biharamulo aende hospitali ya wilaya, aombe barua ya rufaa kwenda Bugando, Mwanza, asafiri bila kungoja mavuno. Kama vikundi vyenu vya akina mama vina mfuko, nauli ya mtoto huyo na mama yake itoke humo, pamoja na fedha ya kula kwa wiki kadhaa, kwa sababu matibabu hayamaliziki kwa safari moja.