Mkanda Usiorudishwa

Nina ugomvi na watu watatu. Wa kwanza ni ofisa ambaye akiona kifaa cha zamani hana neno lingine ila "chakavu". Wa pili ni kijana ambaye akiulizwa jambo lolote hujibu kuwa limo ndani ya simu. Wa tatu ni mwalimu mkuu mmoja aliyetia saini hati ya kuuza mashine ambayo hakupaswa kuiuza. Huyo wa tatu ndiye anayeandika maneno haya. Kwa kuwa nimekwisha pita miaka sabini na sina cheo cha kulinda, nitaanza na yeye.

Ndugu msomaji, huenda umeona sinema mara nyingi, lakini hukukaa kutazama kinachofanyika baada ya sinema. Mkanda wa filamu unapopita ndani ya projekta hutoka kwenye rili moja na kujizungusha kwenye rili nyingine. Onyesho likiisha, mwanzo wa hadithi umefukiwa ndani kabisa, karibu na kitovu cha rili, na mwisho uko nje. Ukiuacha hivyo, anayekuja kesho hana cha kuonyesha. Lazima mtu akae chini aurudishe mkanda wote kwenye rili yake ya kwanza. Kazi hiyo ilifanywa kwa mkono, kwa kuzungusha kishikio, au kwa mashine yenye mota ya umeme.

Nilijifunza kazi hiyo nikiwa mwanachuo wa ualimu mwaka 1972. Mkufunzi wetu wa vifaa vya kufundishia alikuwa na meza ndefu yenye nguzo mbili za chuma, kila moja ikibeba rili. Nguzo ya kulia ilivutwa na mota. Ya kushoto ilikuwa na breki ndogo ili mkanda usilegee. Chini ya meza palikuwa na kikanyagio cha kuongeza na kupunguza mwendo. Rili kubwa ya filamu ya milimita 16 ilibeba futi 1,600, yaani karibu mita 490, na kuonyeshwa kwake kulichukua kama dakika 44. Mota iliurudisha mkanda huo wote kabla hujamaliza kikombe cha chai.

Sisi vijana tuliipenda mota kwa sababu ilikimbia, na mkufunzi akatukatalia. Sheria yake ilikuwa moja: rili iliyotoka vijijini hurudishwa kwanza kwa mkono, polepole, kingo za mkanda zikipita katikati ya vidole vilivyovaa glavu ya pamba. Vidole ndivyo vinavyogundua tundu la pembeni lililopasuka, au kiungo kilichoanza kuachia. Ukikutana na ubovu unasimama, unakata, unaunga, unaandika kwenye kadi. Ukishakagua ndipo mota inaruhusiwa. Mkanda uliovutwa kwa pupa huku umelegea hujisugua wenyewe kwa wenyewe, na kila chembe ya vumbi inauchora mstari ambao haufutiki. "Kijana," alikuwa akiniambia, "hurudishi mkanda kwa ajili yako. Wewe umeshaona."

Maneno hayo niliyaelewa miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshayavunja.

Shule niliyoiongoza katika miaka ya 1990 ilikuwa imerithi projekta moja, mashine ya kurudishia yenye mota, na rili kumi na nne katika makopo ya bati. Projekta iliungua taa, na taa nyingine hatukuipata. Mwaka 1997 ilikuja orodha ya kuondoa mali chakavu. Pamoja na vitanda vilivyopinda na mapipa yaliyotoboka, iliandikwa pia mashine ile. Haikuwa mbovu. Iliwekwa kwenye orodha kwa sababu projekta ilikuwa mbovu, nami nikatia saini bila kuuliza. Rili hazikupata mnunuzi, maana mkanda wa filamu hauyeyushwi ukawa sufuria. Zikabaki stoo, chini ya paa la bati, karibu na chokaa na mafuta ya taa.

Miaka kadhaa baada ya hapo mama mmoja jirani yangu, mtu mzima, alinisimamisha njiani. Akasema, "Mwalimu, ile picha tuliyopigwa tukichuma pamba, iko wapi? Nilikuwa bado msichana. Wajukuu hawaamini kama niliwahi kupigwa sinema." Nikakumbuka kopo moja lililoandikwa kwa wino: pamba, 1974. Nikaenda stoo. Nilipofungua kopo lile harufu ya siki ilinipiga usoni kama mtu aliyemwaga achari. Mkanda ulikuwa umejikunja kingo kama jani kavu la mgomba. Nikamwambia mama yule kwamba picha imeharibika. Akasema, "Basi, Mwalimu, si kitu." Lakini ilikuwa kitu, na yeye na mimi tulijua hivyo.

Harufu ile ina maelezo yake. Filamu za milimita 16 zilitengenezwa kwa asetati, ambayo haishiki moto kwa urahisi kama zile za naitreti za zamani. Lakini asetati ikikaa kwenye joto na unyevu huanza kuoza na kutoa asidi ileile inayoipa siki ukali wake. Asidi inayotoka huharakisha uozo zaidi, na ndani ya kopo lililofungwa haina pa kwenda. Mkanda husinyaa, matundu ya pembeni hayalingani tena na meno ya projekta, na picha hubanduka. Uozo ukishaanza haurudi nyuma. Baridi na ukavu huupunguza kasi tu. Sasa fikiria stoo ya bati hapa kandokando ya Ziwa Victoria, jua la mchana na mvuke wa masika.

Na mashine je? Nilikuja kuikuta hapahapa Usagara, kwenye karakana ya kijana mmoja anayechomelea mageti. Mota ilikuwa inazungusha jiwe la kunolea. "Shikamoo Mwalimu," akasema, "hii mota ni ya watu wa zamani, haichoki!" Sikumlaumu. Yeye aliipa kazi kitu ambacho mimi nilikitupa.

Sasa nigeukie wale wawili wengine.

Kijana wangu wa simu hunijibu hivi: dunia imesonga, babu, filamu zimekwisha, kila kitu ni dijitali. Namwambia aje tusimame njia panda ya Usagara, pale barabara inapogawanyika kwenda Mwanza mjini, kwenda Shinyanga na kwenda Kigongo. Kwa miaka mingi aliyetaka kwenda Sengerema na Geita alipanga foleni Kigongo akisubiri kivuko cha kwenda Busisi. Ujenzi wa daraja ulianza mwaka 2020, na Juni 2025 daraja la kilomita tatu na ushei likafunguliwa. Nalifurahia kama kila mtu. Lakini angalia jinsi lilivyojengwa: miaka yote hiyo kivuko kiliendelea kuvusha watu. Hakuna aliyesema mwaka 2020 kwamba kwa kuwa daraja linakuja, kivuko kiuzwe chuma chakavu, na walioko ng'ambo wajiju. Katika filamu ndivyo tulivyofanya. Tulikiuza kivuko abiria wakiwa bado ng'ambo. Simu yako ni daraja zuri, lakini kile ambacho hakikuvushwa hakimo ndani yake. Mtafute humo yule msichana wa pamba wa mwaka 1974 uone kama utampata.

Na abiria walioachwa ng'ambo si wachache. Zanzibar ilipata televisheni mapema katika miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Maana yake ni kwamba Azimio la Arusha la mwaka 1967, kuhamia vijijini, kampeni za kusoma na kuandika, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, yote yaliyopigwa picha za kutembea yalipigwa zaidi kwenye filamu. Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa mwaka 1968, na kazi yake ilikuwa juu ya mkanda. Anayesema filamu zimekwisha anasema, bila kujua, kwamba miaka thelathini na zaidi ya nchi hii imekwisha.

Tulikwishaonywa. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa sinema kule Vugiri, milima ya Usambara. Walitengeneza filamu 35 juu ya kilimo, afya na maisha ya watu, wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na hata kusini zaidi. Leo zinazojulikana kubaki ni chache mno, nazo zinatunzwa Uingereza. Watu wetu waliocheza humo, mashamba yao, sauti zao zilizowekwa kwenye santuri, karibu vyote vimepotea. Hao walikuwa wakoloni, unaweza kusema hawakuwa na uchungu na sisi. Basi sisi wenyewe tuna kisingizio gani?

Ofisa naye ana hoja nzito zaidi, nami sitaidharau. Anasema: Mwalimu, shule hazina madawati, wewe unadai mashine ya sinema? Nimekuwa mwalimu mkuu; nimefundisha watoto waliokaa juu ya matofali. Madawati kwanza, nakubali. Lakini naomba nionyeshwe dawati moja lililonunuliwa kwa fedha ya mashine ile. Iliuzwa kwa bei ya chuma, na fedha yake haikutosha hata boksi la chaki. Kutunza kitu ulichonacho tayari si anasa. Anasa ni kukitupa.

Wapo pia wanaosema kwamba filamu zile zilikuwa propaganda, za mkoloni kwanza na za chama baadaye, heri zife. La hasha! Mwanafunzi hafundishwi kwa kuchoma daftari lenye makosa. Analetewa daftari lilelile aone alipokosea. Kama propaganda ilikuwepo, ushahidi wake umo humo. Na nyuma ya msemaji aliyepangwa kusema, kamera ilinasa pia nyumba, nguo, mitumbwi, ng'ombe na nyuso ambazo hakuna aliyezipanga. Pale Bujora, Kisesa, yanatunzwa makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement katika miaka ya 1950. Sijasikia mtu akisema ngoma zile zipasuliwe kuni kwa sababu redio ipo.

Ninachodai ni kidogo. Kwanza, pasiuzwe wala kutupwa rili yoyote, au mashine yoyote ya kuirudishia, kabla ya kuandikwa: kopo limeandikwa nini, mkanda una urefu gani, unanuka siki au haunuki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na tangu mwaka 2002 tunayo Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka. Isiishie kwenye mafaili.

Pili, kila kanda iwe na meza moja. Kwa Kanda ya Ziwa iwe Mwanza. Meza yenye nguzo mbili, mota inayotii mguu na kwenda polepole, breki, taa, glavu, na vijana wawili waliofundishwa kutumia vidole kabla ya kutumia swichi. Mkanda mzima ukaguliwe, urudishwe, kisha unakiliwe kwenye kompyuta. Uliosinyaa usilazimishwe; mota ikiuvuta utakatika vipandevipande. Huo urudishwe kwa mkono, au usubiri mtaalamu. Watakaoniambia kwamba hakuna fedha ya mota, nawajibu: anzeni na kishikio. Mkufunzi wetu alianza na kishikio.

Tatu, wewe mwenye kopo nyumbani, shuleni, parokiani au kwenye stoo ya ushirika: usiliweke juani, usiujaribu mkanda kwenye projekta ya kuokota, na ukinusa siki litenge na mengine. Liweke pakavu na penye ubaridi, uandike unachojua juu yake. Wewe ukifa na ujuzi huo, kopo linakuwa bati tu.

Kizazi cha watoto wangu kinakumbuka mikanda ya video ya kukodi. Aliyeurudisha mkanda ukiwa mwishoni alitozwa faini au alisemwa vibaya, na ilikuwa haki. Hata kaseti ya redio tuliizungusha kwa kalamu ili mwenzetu aikute ikiwa tayari. Tulikuwa na adabu hiyo katika mambo madogo ya starehe. Katika jambo kubwa la nchi tumeondoka ukumbini tukiuacha mkanda mwishoni, tena tumeuza na mashine.

Yule mama jirani alifariki miaka mitatu iliyopita. Kopo lake bado ninalo. Liko chini ya kitanda changu, limetengwa na vitu vingine, limeandikwa jina lake na kijiji chake. Yawezekana hakuna mtu atakayeokoa hata picha moja humo. Lakini nimeliandika, na makopo kumi na matatu yaliyobaki shuleni nimekwenda kuyaandika pia, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu wa sasa. Matano kati ya hayo hayanuki siki. Matano, ndugu msomaji. Nani ana meza?