Kipimo cha jeni za kifafa kihakikiwe kwa wagonjwa wetu

Karibu theluthi moja ya wagonjwa wa kifafa hawatulii kwa dawa. Baadhi yao huokolewa na upasuaji wa ubongo. Katika utafiti wa Kanada uliochapishwa 2001 kwa wagonjwa 80, baada ya mwaka mmoja asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji hawakuwa tena na mishtuko ya kupoteza fahamu; kwa waliobaki na dawa pekee walikuwa asilimia 8. Hata hivyo, wapo wanaopasuliwa na kifafa kikabaki. Ndiyo maana watafiti wanachunguza tishu za ubongo na damu, kuona jeni zipi zinafanya kazi kwa nguvu na zipi zimefifia, ili watabiri nani atapona. Ni kazi njema, lakini mikoa yetu ya Shinyanga na Geita itafaidika nayo iwapo tu wagonjwa wetu watahesabiwa ndani yake mapema.

Watu wa Buzwagi, eneo la dhahabu Kahama, wanajua kwamba mwamba uliopimwa Geita hausemi kiasi cha dhahabu kilichomo Kahama. Ndivyo ilivyo kwa kifafa: kwetu hutokana pia na malaria iliyopanda kichwani na tegu wa nguruwe aliyefika ubongoni, vyanzo ambavyo Ulaya ni nadra. Ubongo uliojeruhiwa kwa njia nyingine unaweza kuamsha jeni nyingine, hivyo kipimo kilichotengenezwa kwa wagonjwa wa huko hakiwezi kuaminiwa huku kabla ya kuhakikiwa.

Wapo watakaosema jeni ni anasa wakati zahanati zinaishiwa fenobabito, dawa ya kifafa. Hoja hiyo ina uzito: Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeishi bila mishtuko wakitibiwa ipasavyo. Dawa zitangulie, hasa kwa mchimbaji mdogo ambaye mshtuko mmoja ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, unaweza kumuua. Lakini kliniki inayotoa dawa na kutunza kumbukumbu ndiyo hiyohiyo itakayombaini mwenye kifafa sugu. Bila hiyo hakuna wa kupasuliwa wala wa kupimwa jeni. Tena uwezo upo: hospitali ya CURE mjini Mbale, Uganda, imewapasua watoto wenye kifafa, na hospitali ya Muhimbili imejenga utafiti mkubwa wa selimundu, ugonjwa wa jeni. Tangu 2017 sheria ya madini inazitaka kampuni zipange na halmashauri michango yao kwa jamii. Halmashauri zetu zitenge sehemu ya michango hiyo kwa kliniki za kifafa, na hospitali ya Bugando iandae rejista ya wagonjwa wa kanda.