Cheo Kisicho na Nyota

Hakuna kikosi cha jeshi wala kituo cha polisi kisichowahi kumwona mtu huyu. Cheo chake ni sawa na chako, pengine ni cha chini yako. Achelewapo gwaride huulizwa kwa upole kama anaumwa. Uchelewapo wewe, jina lako huandikwa. Lindo la usiku wa manane humpita kama mvua ipitayo kilima cha jirani. Itokapo orodha ya wanaokwenda kozi, au ya wanaopelekwa kulinda amani nchi za nje, jina lake limo. Naye anajua. Ndiyo maana husema na wenzake kwa sauti ya mkubwa, hupuuza agizo la sajenti wake, na akikemewa hujibu kwa maneno mafupi: “Tutaonana kwa kamanda.”

Ndugu askari, mtu huyu hana nyota begani. Nyota yake imo moyoni mwa mkubwa. Wanyarwanda huuita ubaya huu itonesha, nao Waswahili huuita upendeleo. Wengi huuona kuwa ni kero ndogo ya kazini, jambo la kunung'unikia jikoni na kulisahau asubuhi. Mimi nasema si kero ndogo. Upendeleo ni cheo kisicho na nyota, na pale kinapotiiwa, vyeo halali hugeuka mapambo.

Anayetaka ushahidi na apande kilima cha Rebero, wilayani Kicukiro, hapa Kigali. Huko ndiko wananchi na viongozi hukusanyika kila tarehe 13 Aprili kuwakumbuka wanasiasa waliouawa mwaka 1994 kwa kuwa walipinga mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Miongoni mwa waliozikwa hapo wamo watumishi wawili wa umma ambao habari zao zinalihusu jambo letu: Joseph Kavaruganda na Faustin Rucogoza.

Kavaruganda alikuwa Rais wa Mahakama ya Katiba. Mwezi Machi 1994 alimwandikia Rais Juvénal Habyarimana barua akilalamikia vitisho vilivyomfikia, na ndani yake akamtaja Kapteni Pascal Simbikangwa wa idara ya ujasusi. Wewe unayejua ngazi za vyeo, pima mwenyewe. Kwa upande mmoja yupo mkuu wa mahakama ya juu. Kwa upande wa pili yupo kapteni. Kwa sheria, kapteni hana hata njia ya kumfikia jaji kwa ukali. Lakini kapteni huyu alihesabiwa kuwa mtu wa karibu na wakubwa, na ukaribu huo ulitosha kuupindua mpango mzima wa vyeo. Barua haikumlinda jaji. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994 askari walimchukua nyumbani kwake, wakamwua.

Rucogoza alikuwa Waziri wa Habari. Idhaa ya RTLM, iliyoanza kutangaza Julai 1993, ilikuwa chini ya usimamizi wa wizara yake kwa mujibu wa mkataba iliotia saini na Serikali. Lakini wenye idhaa hiyo walikuwa watu wa karibu na Ikulu, na Rais mwenyewe alikuwa miongoni mwa wenye hisa. Waziri angeweza kunyamaza, kama wengi walivyonyamaza. Hakunyamaza. Tarehe 26 Novemba 1993 aliwaita wakuu wa idhaa, akawakumbusha masharti ya mkataba, akawaonya waache kuchochea chuki. Tarehe 10 Februari 1994 akawaita tena na kuwaonya tena. Hawakujali, kwa sababu walijua nani yuko nyuma yao. Naye Rucogoza aliuawa katika siku hizohizo za kwanza za Aprili.

Sisemi kwamba ugomvi wa lindo kambini ni sawa na mauaji ya kimbari. Kusema hivyo ni kuwavunjia heshima waliolala Rebero. Ninachosema ni kwamba ugonjwa huo haukuanzia Aprili 1994. Ulianza siku nyingi nyuma, katika mambo yaliyoonekana madogo: nani kapewa kozi, nani kapandishwa cheo, nani hakuguswa alipokosa. Jeshi la wakati ule lilifika mahali ambapo wakubwa wake wengi walitoka mikoa ya kaskazini, Gisenyi na Ruhengeri, nako si kwa sababu mikoa mingine haikuzaa mashujaa. Askari aliyezoea kuona kwamba ukaribu hushinda kanuni hakushangaa kanuni ilipotupwa kabisa.

Wala kipenzi mwenyewe asidhani yu salama. Kanali Stanislas Mayuya alikuwa mtu wa karibu sana na Rais, na wengi walimtaja kuwa ndiye angeweza kumrithi. Aprili 1988 aliuawa kwa risasi Kanombe, kambini kwake. Sajenti aliyeshikwa kwa mauaji hayo akafia kizuizini kabla ya kufikishwa mahakamani, na hadi leo kisa hicho kimebaki na maswali. Kivuli cha mkubwa hupendeza wakati wa jua. Radi ipigapo, mti mrefu ndio hupigwa kwanza.

Basi askari wa kawaida afanye nini anapopangwa zamu moja na kipenzi cha mkubwa?

Kwanza, ajihoji. Si kila anayesifiwa amependelewa. Huenda mwenzako anaandika taarifa safi kuliko zako, au anaamka mapema kuliko wewe. Wivu huvaa nguo za haki kwa urahisi sana. Ukijikuta unaumizwa na sifa alizozistahili, dawa ni kujifunza kwake.

Pili, ikiwa ni upendeleo kweli, asishindane naye katika kujikomba. Anayebeba mkoba wa mkubwa leo ili kumpiku mwenzake, kesho ataombwa kubeba kisichobebeka. Wala asitafute kundi la kunong'ona naye gizani, kwa maana katika jeshi na polisi kundi la manung'uniko ni mwanzo wa utovu wa nidhamu, na hapo mwenye haki hugeuka mkosaji.

Tatu, azungumze kwanza na mwenzake uso kwa uso, bila hadhara. Wako watu wanaopendelewa bila kuomba, na huona aibu wakielezwa mzigo wanaowatwika wengine. Asiposikia, ndipo jambo lipande kwa ngazi zake, bila kuruka hata moja. Na likipanda lipande kwa maandishi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni mali. Usiandike kwamba fulani ana kiburi, kwa sababu kiburi hakina tarehe. Andika kwamba usiku wa tarehe fulani, saa fulani, lindo fulani lilibaki bila mtu, na aliyepangwa alikuwa fulani. Tabia hubishaniwa, tukio huthibitishwa.

Pengine utaniambia: Kavaruganda aliandika, Rucogoza alionya, na wote wawili waliuawa. Faida iko wapi? Ndugu yangu, swali lako ni la haki. Lakini sikia yaliyofuata. Tarehe 3 Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilitoa hukumu juu ya wakuu wa RTLM. Miongoni mwa yaliyowekwa mbele ya majaji ni yale maonyo ya Waziri, na kwa hayo wakubwa wa idhaa hawakuweza kusema kwamba hawakuambiwa. Novemba 2007 rufani ilipoamuliwa, Ferdinand Nahimana alibaki na kifungo cha miaka 30. Naye Simbikangwa, mwaka 2014 mahakama ya Paris ilimpa miaka 25. Neno lililoandikwa kwa utaratibu halikuwaokoa waandishi wake, hilo halifichiki. Lakini liliwanyima wauaji maficho ya kusema hawakujua.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote. Kuna mpaka. Ukinyimwa likizo ili kipenzi aende, vumilia huku ukifuata utaratibu. Hiyo ni haki yako, nawe unaweza kuisubiri. Lakini kipenzi akikuambia uondoe jina la rafiki yake katika jalada la kesi, au uache mahabusu apigwe, au ufunge macho silaha itoke ghalani bila kuandikwa, hapo si haki yako tena inayochezewa, bali ya mwananchi. Kuivumilia dhuluma uliyotendewa wewe kwaweza kuitwa adabu; kuivumilia dhuluma atendewayo raia ni woga, na sare haikushonwa kwa ajili ya woga. Hapo kataa, sema wazi kwamba umekataa, na mpe taarifa mkubwa wako, na wa juu yake ikibidi.

Sasa neno kwa makamanda. Mkubwa ni binadamu, na moyo wake utampenda huyu kuliko yule. Hilo halina dhambi. Dhambi huanza mapenzi hayo yanapoingia katika orodha ya zamu. Apendaye boga hupenda na ua lake, nasi tunaona mara nyingi mkubwa akipenda hata makosa ya kipenzi chake. Bandika orodha ya lindo ukutani ili kila mtu aisome. Mchague wa kozi kwa sifa zilizotangazwa. Na akikosa yule unayempenda, mwadhibu wewe mwenyewe, mbele ya waliozoea kuadhibiwa. Siku hiyo moja itafundisha nidhamu kuliko hotuba za mwaka mzima. Tena utakuwa umemwokoa yeye, kwa sababu asiyekemewa na wenzake hatimaye hukemewa na msiba.

Tarehe 13 Aprili ijayo, askari na polisi watakuwapo tena Rebero, wakilinda msafara na kusimama wima mbele ya makaburi. Wakumbuke kwamba waliokwenda majumbani kuwachukua wale mashujaa nao walikuwa wamevaa sare, nao walikuwa na wakubwa, tena walikuwa wamezoea kumtii mtu badala ya sheria. Mazoea hayo hayavunjwi siku ya hatari. Huvunjwa leo, katika jambo dogo la nani anayelinda lango usiku wa leo, na nani anayelala.