Ini Halisomwi kwa Semina

Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, hukawii kufika Kisesa. Wageni wengi huja hapa kuona makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. Watafiti wa afya wana lao: tangu 1994 kaya za hapa zinaandikishwa na kutembelewa tena na tena, nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki, na watu wazima wamekuwa wakitoa damu ya kupima VVU. Mradi wa UKIMWI wa TANESA ndio ulioanza. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), Mwanza, ikaendeleza.

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya ini, na nina hoja moja: anayetaka kubobea katika utafiti wa ini baada ya shahada ya uzamivu abobee hapa, na alipwe kwa kazi hiyo.

Ini huumwa polepole. Minyoo ya kichocho cha tumbo hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, na jike hutaga mayai kila siku. Yale yasiyotoka na choo husukumwa na damu hadi kwenye ini, yakanasa humo, na mwili ukayazungushia makovu. Miaka inapita. Mtu anavua, analima, anaoa. Siku moja anatapika damu, beseni zima, ndipo ndugu wanakodi gari kumkimbiza hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza, pengine baada ya kupitia kwa mganga. Damu imekosa njia ndani ya ini, imerudi nyuma, mishipa ya koo la chakula imevimba na kupasuka.

Ajabu ni kwamba seli za ini lake huwa bado zinafanya kazi vizuri, tofauti na ini la mlevi wa miaka mingi. Daktari anayetegemea majibu ya damu peke yake anaweza kusema ini ni zima. Altrasaundi husema mengine: kuta za matawi ya mshipa mkubwa wa ini zimenenepa, zinang'aa nyeupe, na bandama imeshuka hadi karibu na kitovu. Kutofautisha daraja moja la kovu na jingine katika picha hiyo ni kazi ya jicho lililokaa na mashine muda mrefu, chini ya mtu anayejua.

Muda huo ndio hatuna. Kwetu uzamivu huhesabiwa kuwa mwisho wa kusoma. Aliyehitimu jana, leo ana vipindi, kamati na wodi. Fedha zikija, huja na mradi wa miaka michache wenye swali lake tayari, aghalabu la VVU. (Sina ugomvi na VVU, bila fedha zake Kisesa isingekuwa na daftari lolote la kaya zake.)

Na daftari hilo lina faida. Watafiti wa NIMR na wenzao wa Cornell, Marekani, walichukua matone ya damu ya watu wa Kisesa, yaliyokaushwa kwenye karatasi na kuhifadhiwa kwa miaka, wakatafuta humo dalili za kichocho. Mwaka 2017 walichapisha matokeo: kwa wanawake, kichocho kiliambatana na uwezekano wa karibu mara tatu wa kuambukizwa VVU, kwa wanaume tofauti hiyo haikuonekana. Kwa ridhaa na vibali vinavyotakiwa, ini nalo liulizwe hivyo. Chanjo ya hepatitisi B kwa watoto wachanga iliingia nchini 2002; wavuvi wengi wa leo walizaliwa kabla. Virusi hivyo vikikutana na kichocho katika mwili mmoja, ini hufikia wapi baada ya miaka 20?

Sehemu ya mafunzo ifanyike nje, sawa, lakini si lazima London. Nchini Misri, ambako Theodor Bilharz aligundua minyoo ya kichocho mwaka 1851, kuna taasisi ya utafiti yenye jina lake, Giza. Wamisri waliwahi kutibu kichocho kwa sindano zilizorudiwa kutumika, wakaeneza hepatitisi C kwa watu wengi mno. Wana mengi ya kutufundisha kuhusu ini, yakiwemo machungu.

Kwa hiyo tunaviomba vyuo vyetu na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH): tengeni nafasi za miaka mitatu zenye mshahara, bila vipindi vya kufundisha, kwa wahitimu wa uzamivu watakaofuatilia ini Kisesa. Anzeni hata na wawili.