Tuitazame Vipi Filamu ya Genghis Khan?

Wakati wa likizo wengi wetu hutazama filamu nyumbani, na mojawapo ya zile zinazopendwa ni ile iitwayo Mongol. Ilitolewa mwaka 2007 na mwongozaji Mrusi, Sergei Bodrov, nayo yaeleza ujana wa Temujin, ambaye baadaye aliitwa Genghis Khan. Wachezaji husema Kimongolia, hivyo mtazamaji hana budi kusoma maandishi yapitayo chini. Filamu yenyewe sina ugomvi nayo. Neno langu ni juu ya namna tunavyoitazama sisi wa Kigoma na Ujiji.

Kisa kwa ufupi ni hiki. Baba yake Temujin aliuawa kwa sumu mtoto akingali mdogo. Adui wakamkamata mtoto, wakamvika kongwa la mti shingoni, naye akatoroka. Alipooa, mkewe Börte alitekwa na kabila la Merkit. Mambo hayo yamo katika kitabu cha kale cha Wamongolia wenyewe, kilichoandikwa katika karne ya 13. Filamu yaongeza kwamba aliuzwa utumwani, akafungiwa kizimbani. Mwishowe awashinda adui zake, na filamu yaisha.

Yaisha mapema mno. Twamwonea huruma mateka, lakini hatuonyeshwi aliyoyafanya alipopata nguvu. Mwaka 1206 alitangazwa Khan wa Wamongolia wote. Mwaka 1220 majeshi yake yaliteka miji ya Bukhara na Samarkand. Watu wa Bukhara walisukumwa mbele ya jeshi kwenda kupigana na Samarkand, na mafundi wa Samarkand wakachukuliwa mbali na kwao wakawatumikie washindi. Aliyekuwa mateka akawa mwenye mateka.

Kongwa si neno geni Ujiji. Katika karne ya 19 watu waliotekwa Manyema, ng'ambo ya ziwa, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walivushwa na kushushwa hapa. Kisha walitembezwa kwa miguu kupitia Tabora hadi Bagamoyo, mwendo wa karibu kilomita 1,200. Wengine walibaki, na hata leo wazao wa watu waliotoka Manyema ni wengi Ujiji. Nasi pia tulikuwa na watekaji wetu. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alijipatia utawala Manyema kwa nguvu ya bunduki, na mshirika wake Rumaliza aliweka makao yake Ujiji. Tippu Tip aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili, na vita vyake na pembe zake za ndovu twazisoma. Lakini wale waliozibeba pembe hizo, ni wachache mno ambao majina yao yamehifadhiwa.

Hata hivyo, katika ufuko wa ziwa hili aliishi mmoja aliyeacha habari zake. Adrien Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi ya Mali ya leo. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa Sahara, hata alipokombolewa na Mapadri Weupe. Alisomeshwa utabibu katika kisiwa cha Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kusini mwetu. Huko alitibu wagonjwa miaka mingi, na huko akafa mwaka 1956. Huyu na Khan wote wawili walitekwa wangali watoto. Mmoja alipopata nguvu aliwateka wengine. Wa pili aliwatibu. Khan twamjua sote. Atiman ni wangapi kati yetu wanaomjua?

Huenda msomaji akasema kwamba Khan alifungua njia salama kwa wafanyabiashara, tena aliacha kila mtu na dini yake. Ni kweli, na yafaa tuyajue hayo. Lakini njia salama haikumrudisha fundi wa Samarkand nyumbani kwake.

Lakini liko jambo zito zaidi. Khan alivaa kongwa, wala hapana amchekaye kwa hilo. Twasema alikuwa shujaa. Mbona basi mwanafunzi akiitwa mzao wa mtumwa uwanjani, wengine hucheka, naye huinamisha kichwa? Babu yake na Temujin walitendewa jambo moja. Aibu ni ya aliyefunga kongwa, si ya aliyefungwa.

Kwa hiyo natoa shauri. Filamu inapokwisha, tusizime runinga tukaenda kulala. Anayejua Kiingereza awasimulie bibi na wadogo zake kwa Kiswahili. Kisha amwulize bibi kwa adabu kama aliwahi kusikia habari za kongwa, na wazee wake walitoka upande gani wa ziwa. Kama bibi hapendi kusema, aachwe, kwa maana mambo mengine ni mazito. Akisema, tuandike katika daftari na kumwonyesha mwalimu wa historia, ikiwa bibi ameruhusu. Nanyi wazazi mnaosoma gazeti hili, tafadhali msingoje kuulizwa. Na sisi wanafunzi, neno lile la kuchekana uwanjani tuliache tangu muhula huu.