Bustani ya lupango: mvua imekwisha, chakula bado



Mvua ya Aprili imetuaga. Mchana jua linawaka, lakini usiku tayari tunatafuta blanketi, na mbele yetu kuna Juni na Julai, wakati baridi ya Lubumbashi inashuka chini ya digrii 10. Ni wakati ambapo mama anaangalia kabustani kake nyuma ya nyumba, anaona majani ya njano tu, kisha anamwambia kijana: ng'oa yote, choma. Posho hii nawaomba mngoje kidogo. Pitisheni beseni kwanza, jembe litafuata.

Tuanze na maboga. Tangu Desemba tumekuwa tukichuma chibwabwa, tunaipika na karanga za kutwanga, na tunda lenyewe tumelisahau. Sasa majani yanakauka, na hapo ndipo boga linaonekana: limejificha kwenye ukuta, au limepanda juu ya uzio wa jirani. (Likiwa upande wake, ongeeni vizuri, boga moja linatosha lupango mbili.) Boga limekomaa kama kikonyo chake kimekauka na ukucha hauingii kwenye ganda. Likate ukiacha kikonyo chenye urefu wa vidole viwili vitatu, maana likivunjika pale juu linaoza haraka. Usiliweke chini kwenye sima. Liweke juu ya mbao au majani makavu, mahali pasipo na unyevu na penye hewa. Litakaa miezi kadhaa. Boga mlilolificha Mei linaweza kuwa chakula cha watoto Septemba, wakati mfuko wa unga wa bukari unapanda bei na mahindi mapya bado hayajapandwa.

Pili, tomati zilizojiotea. Tunapomwaga maganda ya jikoni kwenye pembe ya lupango, mbegu haziulizi ruhusa. Mwezi huu mtakuta mche wa tomati ambao hakuna aliyeupanda, umebeba matunda madogo ya kijani. Baridi inayachelewesha kuiva. Yale makubwa yaliyoanza kupauka, yachumeni, yafungeni katika karatasi ya gazeti pamoja na tomati moja iliyoiva, yawekeni ndani ya kikapu jikoni. Ile iliyoiva inayaamsha mengine. Mche wenyewe uacheni, mumwagie maji kidogo chini ya shina, si juu ya majani.

Tatu, viazi vitamu. Mkishachimba, msitupe kamba zake zote. Ukame wetu ni mrefu, hadi Oktoba, na kamba zikiachwa kwenye jua zinakufa. Chukueni vipande kumi na tano au ishirini, vipandeni karibu na mahali pa kuogea au pa kufulia, pale ardhi haikauki. Mtakuwa na kalembula ya kupika baridi yote, na mvua ya Novemba ikirudi mtakuwa na mbegu ya kupanda bila kutoa hata faranga moja.

Hapo nafika kwenye jambo linalonigusa zaidi: mbegu. Kila mwaka mvua ya kwanza inatukuta sokoni tunanunua mbegu ya lengalenga, na wengine wanashindwa kununua, basi bustani inachelewa mwezi mzima. Lakini sasa hivi lengalenga imesimama katika lupango zetu, imekomaa, haifai tena kwa chungu, na kichwa kimoja tu kina maelfu ya mbegu. Chagueni mashina mawili yaliyokuwa na nguvu kuliko yote, msiyaguse. Kichwa kikikauka, kikateni asubuhi, kisugueni juu ya kitambaa, pepeteni, kisha tieni zile mbegu ndogo nyeusi ndani ya chupa kavu yenye majivu kidogo ya makala. Fungeni vizuri. Andikeni jina na mwaka.

Mbegu ya boga pia inawekwa, ila ina tabia yake: nyuki anachanganya boga lako na la jirani, na mwaka ujao unaweza kupata tunda usilolijua. Si vibaya, mara nyingi ni tamu. Lakini boga likiwa chungu ulimini, liteme, lote litupwe. Uchungu ule unaumiza tumbo. Nayo mahindi ya mbegu ya dukani, ile ya chotara, msiirudishe ardhini: mazao yake hupungua.

Neno moja la usafi. Ukame ni wakati wa vumbi, na vumbi la mji wetu wa shaba si vumbi tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima udongo na mboga za mjini, wakakuta madini kama risasi na kadimiamu, ambayo ni mabaya hasa kwa watoto na kwa mama mwenye mimba. Osheni majani mara mbili au tatu kwa maji safi, na menyeni viazi. Kuosha kunaondoa vumbi la juu, hakuondoi kile mmea ulichokunywa kutoka ardhini. Kwa hiyo mwenye udongo wenye mashaka apande mboga ndani ya magunia au mabeseni ya zamani, kwa udongo uliotoka mbali na viwanda na barabara, uliochanganywa na mboji ya jikoni.

Na majani makavu yanayobaki msiyachome. Yatandazeni juu ya tuta. Yanashika unyevu, na bido moja la maji linafanya kazi ya mawili. Katika mtaa ambapo tunaamka usiku kuchota maji, hilo si jambo dogo.

Katika mkutano wetu ujao, kila mama alete chupa moja ya mbegu zake. Mwenye lengalenga atampa mwenye maboga, na mama mpya asiye na kitu ataondoka na chupa mkononi. Novemba si mbali.

Tuonane posho ijayo. Mubaki salama.