Kikulacho ki Nguoni Mwako

Jioni moja, baada ya Misa, mama mmoja wa hapa Tunduma alinijia ofisini ameshika simu aliyomnyang'anya binti yake. Kisa chake nakieleza kwa ruhusa yake, na mambo machache nimeyabadili ili familia isitambulike. Mama huyo alikuwa amesoma habari iliyozungushwa katika kundi la wazazi, kwamba katika "mtandao wa giza" kuna jumuiya za siri zinazowanasa watoto, kuwalisha kiapo na kuwaamuru wajiue. Binti yake alikuwa halali usingizi, chakula kinamshinda, na tuisheni amekataa kwenda. Mama aliomba niiombee ile simu ili pepo aliyemo atoke.

Sikumcheka. Kwa miaka mingi vyombo vya habari vimetulea katika hofu ya namna hiyo. Mwaka 2016 gazeti moja la Urusi liliandika kwamba makundi ya mtandaoni yalikuwa nyuma ya vifo vya vijana 130. Idadi hiyo haikuthibitishwa, lakini habari ilizunguka dunia kwa jina la mchezo wa "Nyangumi wa Bluu". Mei 2017 ilifika Kenya. Kifo cha kijana mmoja jijini Nairobi kilihusishwa na mchezo huo, na bodi ya serikali inayosimamia filamu ikatangaza kuupiga marufuku. Yafaa tujiulize: utapigaje marufuku mchezo usio na duka wala mwenye nao anayejulikana?

Haki yadai tuseme pia kwamba si yote yalikuwa uongo. Mwaka 2017 mahakama ya Urusi ilimfunga kijana mmoja kwa kuwachochea wasichana kujiua kupitia mtandao. Waovu wapo. Lakini mwovu mmoja aliyekamatwa na kuhukumiwa si jeshi la giza lililoenea duniani, na mwandishi anayevichanganya viwili hivyo hamlindi mtoto yeyote.

Hapa kwetu Tanzania tuliyaona hayo hayo. Alipofariki mwigizaji Steven Kanumba, Aprili 2012, magazeti ya udaku yalikifungamanisha kifo chake na Freemason. Mahakama ilisikiliza shauri la kuua bila kukusudia na kutoa hukumu mwaka 2017. Habari za viapo vya siri zilibaki magazetini. Matapeli nao wakaliokota jina hilo. Wakawatumia watu ujumbe wa simu wakiwaalika kujiunga ili watajirike, mradi watangulize ada ya kujiandikisha. Maskini walituma fedha, na utajiri haukuja. Ni kweli kwamba Kanisa linawakataza waamini wake kujiunga na Freemason, na Roma iliurudia msimamo huo mwaka 1983 na tena mwaka 2023. Lakini kukataza ni jambo moja, na kuzusha ni jingine. Amri ya Nane haikutupa ruhusa ya kuwasingizia wale tusiokubaliana nao.

Pengine utasema, "Padre, hofu kidogo ina ubaya gani? Si afadhali wazazi wawe macho?" Nakujibu kwamba kuna mabaya mawili.

La kwanza, hofu iliyotiwa chumvi huua. Mkoa wetu wa Songwe unapakana na Malawi upande wa Ileje, na Zambia hapa Tunduma. Nchi zote mbili zimeonja uchungu huo. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, katika wilaya za Mulanje na Phalombe, ulienea uvumi wa wanyonya damu. Makundi ya watu yenye hasira yakaua washukiwa, na Umoja wa Mataifa ukalazimika kuwahamisha wafanyakazi wake. Mwanzoni mwa mwaka 2020, nchini Zambia, kulikuwa na taarifa za watu kupuliziwa kemikali majumbani mwao usiku. Uvumi uliyatangulia matukio, ukikimbia kutoka simu hata simu. Kabla hofu haijatulia, watu zaidi ya 40 walikuwa wameuawa na makundi yaliyojichukulia sheria mkononi. Wazee wetu waliusikia uvumi wa mumiani tangu enzi za ukoloni, nao ulikwenda kwa miguu. Leo waweza kutoka Nakonde na kufika Vwawa kabla chai haijapoa.

La pili, hofu hiyo hutugeuza macho tusitazame hatari iliyo karibu. Utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL uliotolewa mwaka 2022 ulikadiria kwamba asilimia 4 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, yaani watoto wapatao 200,000, walidhulumiwa kingono kupitia mtandao katika mwaka mmoja. Mara nyingi mtendaji si mgeni aliyejificha ng'ambo. Ni mtu ambaye mtoto anamfahamu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ndivyo ilivyokuwa kwa binti yule. Badala ya kuiombea simu, nilimwomba mtawa mmoja aketi naye faraghani. Baada ya machozi mengi alisema. Mwalimu wa tuisheni, mtu anayeheshimiwa mtaani, alikuwa amepata picha zake na kumtishia kuzisambaza asipomtii. Hapakuwa na pepo, wala jumuiya ya siri. Palikuwa na mtu mzima mwenye jina na anwani, ambaye mama alikuwa akimlipa kila mwezi. Kama tungeivunja simu ile na kunyunyiza maji ya baraka, tungemrudisha binti mikononi mwake, tena tukiwa tumeuharibu ushahidi.

Basi tufanye nini? Wahariri wetu wakumbuke kwamba kichwa cha habari kinachouza gazeti chaweza kumwua mtu asiye na hatia. Waulize: nani ameona, nani amethibitisha? Nasi tunaosambaza tujiulize hayo hayo kabla kidole hakijabonyeza. Katekisimu, namba 2477, inahesabu hukumu ya haraka na masingizio kuwa makosa dhidi ya heshima ya jirani. Haisemi kwamba makosa hayo husameheka yakifanywa kwa simu.

Ninyi wazazi, msianze kwa kunyang'anya simu. Anzeni kwa kumsikiliza mtoto, na ajue kwamba akisema ukweli hatapigwa. Anayedhulumiwa asaidiwe kupiga namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, au apelekwe Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Ujumbe wa matapeli upelekwe namba 15040. Na jumuiya ndogo ndogo ziache kuyamaliza mambo hayo kimya kimya kwa faini na kuombana radhi, eti kulinda heshima ya mtaa. Heshima ya mtaa inayolindwa kwa machozi ya mtoto si heshima.

Yule mama alikwenda polisi. Haikuwa rahisi, kwa kuwa baadhi ya majirani walimlaumu yeye. Walikuwa tayari kuamini kwamba shetani yumo ndani ya simu, lakini si kwamba mwalimu wao ametenda dhambi. Ndugu msomaji, kama ungekuwa jirani yake, ungesimama upande gani?